Kilima Kilichoshuka Sentimita Tatu

Ukungu ulikuwa bado umelala uwandani, na kilima kimetoa mgongo tu, mviringo na wa kijani, kama mtu aliyejifunika shuka gubigubi akasahau bega nje. Mpimaji wa ardhi alikita miguu mitatu ya chombo chake kwenye majani yenye umande, akazungusha skrubu moja baada ya nyingine mpaka kiputo cha hewa kikatulia katikati ya kioo chake kidogo. Hapo ndipo alipoachia pumzi. Kiputo kikitulia, baba yake alizoea kumwambia, dunia nzima imekaa kitako. Sasa unaweza kuiuliza maswali.

Baba yake alikuwa mpimaji kabla yake. Na nguzo fupi ya zege iliyosimama kileleni mwa kilima, ile ambayo ramani zote za uwanda ule zilipimwa kutokea kwake, aliisimika yeye, miaka arobaini na moja iliyopita.

Juu kule, aliyeshika fimbo ya kupimia juu ya nguzo alikuwa ofisa wa mambo ya kale, mwanamume mwembamba mwenye shati lililojaa mifuko na mifuko iliyojaa penseli. Wafanyakazi wa barabara walimwita Bwana Makaburi, naye alikuwa ameshazoea kuitika.

"Dada, mikono inakufa ganzi huku."

"Usiitikise. Ukiitikisa tena unabaki hapo mpaka jioni."

"Kumbe ndiyo maana nyie wapimaji hamna marafiki."

Jicho la mpimaji lilikuwa kwenye darubini, na ndani ya darubini fimbo ilielea katika weupe, alama zake nyekundu na nyeusi zikipanda na kufifia kama ngazi inayoelekea mahali pasipo na jina. Akasoma namba. Akasoma tena. Halafu akapima mpaka kwenye mwamba wa kando ya mto, ule wenye alama iliyochongwa kwa patasi, mwamba ambao haujasogea tangu dunia iwe dunia. Ramani ilisema kichwa cha nguzo kiko sentimita mia sita arobaini juu ya alama ile. Yeye alipata mia sita ishirini na tisa.

"Imeshuka," akasema, kwa sauti ndogo, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. "Sentimita kumi na moja."

Bwana Makaburi alishuka mbio, fimbo begani, penseli zikimwagika nyuma yake.

Tuelewane mapema kwa nini alikimbia. Barabara mpya ilikuwa inakuja, na barabara hula udongo na mawe. Malori yalikuwa yameshamaliza vilima viwili vya jirani. Hiki cha tatu kilipangiwa Jumatatu. Bwana Makaburi aliamini kwamba hakikuwa kilima hata kidogo, bali kaburi, tuta la maziko lililoinuliwa kwa mikono ya watu waliokufa kabla mtu yeyote hajaota kuandika jina lake. Sheria inalinda kilichojengwa na binadamu. Lakini ramani ilisema "kilima cha asili", na maneno yale mawili yalikuwa kwa mwandiko wa baba yake mpimaji. Kuchimba kidogo ili kuthibitisha kulihitaji kibali. Kibali kilihitaji sababu. Na sababu ilikuwa chini ya udongo.

"Vilima vya asili vya uwanda huu ni mwamba uliovaa nyasi," Bwana Makaburi alisema akihema. "Mwamba haushuki. Lakini kitu kilichojengwa, chenye chumba ndani, ukikitwisha zege kichwani, lazima kipinde shingo. Dada, tumekipata."

Pikapu ikaja ikasimama, na mhandisi wa barabara akateremka, mtu mnene, mchangamfu, mwenye kofia ya plastiki iliyombana. Akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akacheka, wala si kwa ubaya.

"Malori yangu arobaini yanapita hapa kila siku, miezi minne sasa. Nguzo kushuka ni ajabu? Hata meno yangu yameshuka." Akawatazama wote wawili, akaacha kucheka. "Sikilizeni. Mimi sina ugomvi na marehemu. Nionyesheni kwamba ilishuka kabla sijafika, nami naenda kuchimba kwingine. Ijumaa tuna kikao ofisi ya ardhi. Mkija mikono mitupu, natia sahihi."

Ilikuwa Jumatano. Mpimaji alikunja miguu ya chombo, na alipogeuka kukitazama kilima mara ya mwisho, ukungu ulikuwa unapanda polepole kutoka ubavuni mwake. Alingoja aone kama ubavu ule utapanda na kushuka tena. Akajicheka. Lakini alingoja.

*

Baba yake, kazini, walimwita Sentimita. Aliwahi kusimamisha sherehe ya harusi nzima, wageni wameshaketi, ili turubai lisogezwe kwa sababu nguzo moja ilikuwa imeegemea upande. Na alikuwa na sheria moja aliyoishika kama wengine wanavyoshika dini: daftari la vipimo halifutwi. Ukikosea, unapiga mstari mmoja juu ya kosa, kosa libaki linasomeka, unaandika namba sahihi juu yake, unatia sahihi yako. Anayefuta ni mwizi, alikuwa akisema, tena mwizi mbaya, maana anawaibia watu ambao hawajazaliwa. Nyumba yao haikuwa na kifutio. Watoto wake wote walikwenda shule na penseli zilizokatwa mkia.

Madaftari yake yalikuwa chumba cha nyuma, ndani ya sanduku la bati, yamepangwa kwa mwaka. Mpimaji alijua anachokitafuta. Miezi kumi na minne baada ya kusimika nguzo, baba alirudi kuikagua. Ilikuwa desturi ya kazi. Kama mwaka ule nguzo ilikuwa imeanza kushuka, jambo limekwisha.

Akalipata daftari. Ukurasa wa kumi na tisa. Penseli, mwandiko mdogo uliosimama wima kama askari gwaride. Mia sita arobaini. Haikuwa imeshuka hata unywele.

Akakaa sakafuni, mgongo ukutani. Rafuni, juu ya kichwa chake, ilikuwapo darubini ya zamani ya baba, ya shaba, nzito kama mtoto mchanga. Akaishusha, akaielekeza dirishani bila sababu, kama mtu anavyochezea kitu ili asilie. Alikuwa amesahau kwamba darubini zile za kale zilionyesha dunia miguu juu. Mwembe wa jirani ulining'inia kutoka ardhini kwenda angani. Kuku walitembea darini. Ndivyo baba alivyokiona kilima kwa miaka yote ile ya kazi: bakuli kubwa la kijani lililotundikwa chini ya dunia, limejaa kitu, na halimwagi. Labda usingeweza kujua kwamba ni kaburi, kama siku zote umeliona kama bakuli. Alikaa hivyo muda mrefu, jicho moja katika dunia iliyopinduka, mpaka jua la alasiri likaingia dirishani na kumwangukia mapajani, penye daftari.

Na ukurasa ukawaka.

Si wote. Mahali pamoja tu, nyuma ya namba ile, mwanga ulipenya kwenye karatasi kama unavyopenya kwenye sikio la mtoto. Karatasi ilikuwa imesuguliwa ikawa nyembamba. Akaiinamisha upande. Penseli ya mwanzo ilikuwa imekandamizwa kwa nguvu, na mfereji wake ulikuwa haujaenda popote. Mia sita thelathini na saba.

Sentimita tatu. Katika miezi kumi na minne. Mwaka ambao mhandisi wa barabara alikuwa bado ananyonya.

Na baba alikuwa amefuta.

*

Alimkuta sebuleni, amepindua stuli, anaipiga msasa mguu mmoja. Mama alikuwa mkekani anachambua mchele.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba, mama. Njoo ukalie hii, uniambie kama bado inayumba."

Hakuikalia. "Baba, hapa pamefutwa."

Msasa ukasimama. "Wapi?"

"Ukurasa wa kumi na tisa. Mwaka wa pili wa nguzo."

"Karatasi za zamani hizo. Zimeliwa na mende."

"Mende anayekula namba tu?"

"Mende msomi huyo," mama akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye ungo.

Baba hakucheka. Aliipuliza stuli vumbi, akaisimamisha, akaibonyeza kwa kidole. Haikuyumba. "Kilima hakishuki," akasema. "Siku ile nilikuwa na homa. Nilisoma vibaya. Nilipima mara tatu na..."

Aliyepima mara tatu hakusoma vibaya, na chumbani mle walikuwamo wapimaji wawili waliojua hivyo.

"Mara tatu, Baba?"

Aliinuka. Alikuwa mrefu bado, na alipozungumza alizungumza na ukuta. "Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilikuwa wa kwanza wa kwetu kupewa kile chombo. Wakubwa wa ofisi walitoka mbali, wakakaa kwenye viti vyao, wakasema wazi nikiwa nimesimama pale pale: watu wa huku hawana akili ya namba. Wape jembe. Ningewapelekea nguzo niliyoisimika mimi, imeshuka? Wangesema nini? Wangesema nimeisimika vibaya. Basi nikawapa walichotaka kuona."

"Jumatatu wanakichimba."

"Ni kilima."

"Mwandiko wako ndio unaosema ni kilima."

Akatoka nje, akafunga mlango taratibu, jambo lililokuwa baya kuliko kuubamiza.

Mpimaji akakaa kwenye stuli. Alikuwa na hasira, wala haikuwa kwa baba. Ilikuwa kwa wale waliokaa vitini. Fikiria nawe: chini ya nguzo ile wamelala watu wa pale pale, waliopanga mlima kwa mikono, wakaupima kwa macho, ukakaa mviringo bila kasoro kwa maelfu ya miaka. Na juu yao anasimama kijana wa uzao huohuo, anafuta ushahidi wao kwa kifutio, ili athibitishe kwamba watu wa huku wanajua kupima.

"Mwache," mama alisema. Alitupa jiwe dogo nje ya ungo. "Baba yako ukimgusa kwenye namba umemgusa jipu. Liache liive lenyewe."

"Lisipoiva mpaka Ijumaa?"

"Basi utakuwa umepoteza kilima, na baba utabaki naye. Ukilitumbua kwa nguvu, sijui utabaki na nini."

Siku nzima ya Alhamisi baba alikaa chumba cha nyuma, mlango wazi, haongei. Kila alipopita, mpimaji alimwona ameshika daftari mbele ya dirisha, anausogeza ukurasa kwenye mwanga na kuutoa, kwenye mwanga na kuutoa. Alipita mara nyingi kuliko alivyokuwa na haja. Alijua angeweza kulichukua daftari lile na kulipeleka mwenyewe. Mhandisi angesema mikwaruzo ni mikwaruzo, lakini pengine mwenyekiti angetilia shaka, na shaka ingetosha kununua wiki moja. Alilala mchana akaota anapanda kilima, nyasi laini kama nywele, na kila hatua aliyopiga ilimzamisha kidogo, na chini ya nyayo zake mtu alikuwa anahesabu kwa upole, anafika mahali fulani, anakosea, anaanza upya.

Ijumaa alfajiri alivaa viatu vyake vya kazi. Daftari lilikuwa mezani, peke yake, karibu na mkoba wake. Aliliangalia. Halafu akauchukua mkoba, akaliacha.

*

Chumba cha kikao cha ofisi ya ardhi kilikuwa na meza ndefu, feni iliyolalamika, na ramani kubwa ya uwanda iliyobandikwa ukutani, imefubaa rangi ya chai. Mwenyekiti alikuwa mkuu wa ofisi, mama mtu mzima mwenye miwani ya kamba. Mhandisi alikuwapo, kofia magotini. Wapimaji vijana watatu walisimama ukutani, maana viti vilikuwa vimeisha.

Mpimaji alieleza alichopima. Bwana Makaburi aliongea kuhusu vyumba vya mawe chini ya udongo, vizuri sana na kwa muda mrefu mno. Mhandisi alirudia habari ya malori yake.

"Una kipimo chochote cha kabla ya malori?" mwenyekiti akamwuliza mpimaji.

Feni ilizunguka. Ukutani, mahali pale ramani ilipoandikwa "kilima cha asili", palikuwa na pembetatu ndogo ya wino, alama ya nguzo. Akaitazama. Alihisi chumba kizima kinazama taratibu, meza, viti, watu, kiasi cha unywele kwa mwaka.

"Sina kipimo ninachoweza kukitoa mimi," akasema.

"Anacho mwenyewe," ikasema sauti mlangoni.

Alikuwa baba yake, amevaa viatu vyake vya kazi, vile vya zamani vyenye kamba nyekundu, na shati lililopigwa pasi. Mhandisi aliinuka kumpisha kiti. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kaa tu." Akaliweka daftari mezani, akalifungua bila kutafuta. "Nani ana kalamu ya wino?"

Bwana Makaburi alijipapasa mifuko yote. Penseli, penseli, penseli. Mhandisi ndiye aliyetoa kalamu.

Baba alipiga mstari mmoja juu ya mia sita arobaini, ulionyooka kana kwamba ametumia rula. Juu yake akaandika mia sita thelathini na saba. Akatia sahihi. Akaandika tarehe ya siku ile, si ya zamani. Ndipo akainua uso, akawatazama wale vijana watatu wa ukutani, maana alikuwa amewafundisha wawili.

"Hivi ndivyo nilivyosoma. Mara tatu. Nikafuta, nikaandika wakubwa wangu walichotaka. Lile tuta lilikuwa limeanza kushuka kabla barabara yenu haijafikiriwa. Mimi ndiye niliyeliita kilima, na mimi ndiye niliyelitwika zege."

Kijana mmoja aliangalia viatu vyake.

"Mzee," mhandisi akasema, kwa upole kabisa, "ni miaka arobaini. Una hakika ya namba yenyewe?"

"Namba ambayo umeiandika unaisahau, mwanangu. Unaiandika unalala. Hii niliifuta." Akavua miwani, akaipangusa. "Inanijia ndotoni. Mara ni namba ya mlango, nami nabisha. Mara ni ndege mia sita thelathini na saba wametua kileleni, nawahesabu, na kila siku wanatimia. Nimewahesabu miaka yote hii. Hajapungua hata mmoja."

Mwenyekiti alilivuta daftari, akauinua ukurasa kuelekea dirishani. Mwanga ukapita pale palipo pembamba, ukamwangukia shavuni. Halafu akatoa uamuzi kwa sauti kavu ya kiofisi, karani akiuandika: malori yasikaribie tuta; kibali cha uchunguzi kitolewe; mpaka wa ulinzi uwekwe, mita hamsini kuzunguka; nguzo iondolewe kwa mkono, bila mashine. Na kila karatasi ya ramani iliyopimwa kutokea kwenye nguzo ile ibandikwe taarifa ya marekebisho, yenye jina la mpimaji aliyehusika.

Zilikuwa karatasi sabini na mbili. Kazi ya maisha ya mtu.

"Sawa," baba akasema. "Jina langu mliandike kamili. Na mhandisi, kalamu yako hii hapa."

"Kaa nayo, mzee."

"Ya nini? Nimeshamaliza."

*

Jumatatu ukungu ulikuwa mwepesi. Malori yalisikika mbali, upande wa pili wa mto, kama watu wanaobishana chumba cha tatu. Mpimaji aliweka vigingi vya mpaka, na aliyemshikia fimbo alikuwa baba yake, aliyeishika wima pasipo kutikisika hata chembe, mpaka Bwana Makaburi akaona wivu.

Baba na binti hawakuwa wamesemezana sana. Garini baba alikuwa amesema tu, "Daftari nililiona mezani. Hukulichukua." Naye akajibu, "Halikuwa langu." Basi.

Walipomaliza kigingi cha mwisho, baba hakurudi. Alikaa chini kwenye mteremko, nje tu ya mpaka, akakiangalia kilima kwa macho yake matupu. Midomo yake ilikuwa inacheza. Mpimaji akamfuata, akakaa pembeni yake, nyasi zikaloanisha nguo zake.

"Unaongea na nani, Baba?"

"Napiga hesabu. Upana wake mita thelathini. Kimo chake mita tano. Mtu mmoja, kikapu kimoja kichwani, lita kumi na tano, si zaidi, maana anapanda." Kidole chake kilitembea hewani. "Vikapu laki moja na ishirini na mbili elfu."

Upepo ukavuka tuta, na nyasi zikainama zote pamoja, kutoka chini kwenda juu, safu baada ya safu, kana kwamba wengi wanapanda kwa zamu, kimya, kila mmoja na mzigo wake, wakifika kileleni wanamimina na kutoweka. Walitazama wote wawili. Hakuna aliyemwuliza mwenzake anaona nini.

"Laki moja na ishirini na mbili elfu," baba akarudia, "na hakuna aliyeandika hata kimoja. Na wala hawakukosea." Halafu akasema neno ambalo katika maisha yake ya kazi hakuna mtu aliyewahi kulisikia kinywani mwake. "Takriban."

Mpimaji alifungua daftari jipya juu ya goti lake. "Niandike?"

"Andika. Uandike na majina yetu, wewe uliyesoma na mimi niliyeshika fimbo."

Akaandika, kwa wino.